Dumu la Kitambaa Chekundu

Watoto ninaowafundisha Kurani chuoni kila alasiri wanauliza maswali ambayo mimi, enzi zangu, ningechapwa kwa kuyauliza. Mwezi uliopita tulifika kwenye habari za Firauni. Nikawasimulia alivyojikweza, alivyowatumikisha watu, na bahari ilivyomfunika yeye na jeshi lake. Kibinti mmoja wa mstari wa mbele akanyoosha kidole akauliza, "Mwalimu, Firauni alijuaje kwamba yeye ndiye Firauni?" Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka. Nikamwambia kwamba hakujua, na kutojua huko ndiko kulikomponza. Kisha nikawaachia waende makwao mapema kuliko kawaida.

Swali lile ninalo tangu utotoni. Nimezaliwa Jibondo, kisiwa cha mawe kisicho na maji matamu, na baba yangu ndiye aliyekuwa na mashua ya maji. Mgeni akisikia hivyo ataona ni kazi kama kazi nyingine. Sivyo. Visima vyetu vina chumvi. Utafulia maji yake, utaoga ukibanwa, lakini chai yake haimezeki. Maji ya kunywa yalitoka kisiwa kikubwa, yakavushwa ndani ya mapipa, na mashua iliyobeba mapipa mengi kuliko zote ilikuwa ya baba. Nyingine mbili tatu zilikuwapo, ndogondogo, za kutosheleza nyumba za wenyewe. Kijiji kilichobaki kilimngoja yeye.

Siku ya maji, tangu asubuhi wanawake walishuka pwani kupanga foleni. Waliokaa foleni si watu, ni madumu. Mtu aliliweka lake nyuma ya lililotangulia, akarudi kwenye shughuli zake, na hakuna aliyegusa la mwenzake. Kila dumu lilikuwa na alama. Hili limezibwa kwa kumbi la nazi, lile limefungwa kamba ya ukindu, jingine lina kovu mahali lilipoyeyushwa kwa moto ili kuziba ufa. Mimi niliyajua yote. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na baba alinipa kazi ya kusimama na fimbo na kuita, "Lete." Kwa neno langu hilo moja, dumu lilisogea. La kwetu lilikuwa na kitambaa chekundu shingoni, nalo halikuhitaji kuwahi. Hata lishuke la mwisho kabisa, lilikwenda kukaa mbele, maana watu walikuwa wameacha nafasi yake wenyewe, bila kuambiwa.

Na kama waliacha nafasi pwani, njiani waliacha zaidi. Kwetu mdogo ndiye humwamkia mkubwa, na mtoto wa miaka minne analijua hilo. Lakini baba alikuwa hajafika miaka arobaini, na wanaume wenye mvi walimwahi kwa shikamoo. Mama aliniambia kwamba mwanzoni baba aliona haya, akawa anawahi yeye kuwaamkia kabla hawajafungua midomo. Baadaye akazoea. Akawa anaitikia marahaba bila hata kugeuza shingo. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na baba yangu alisifiwa kwa maji yenyewe, basi sijui tungetegemea nini.

Mwalimu wetu wa chuo wakati huo alikuwa mtu mkali mwenye sauti nyembamba, asiyependa kurudia jambo. Siku moja alitufafanulia kwamba Mwenyezi Mungu huzizungusha siku baina ya watu. Leo anapewa huyu ushindi, kesho anapewa yule, na wote wawili wanatazamwa watafanya nini. "Utawala ni zamu," akasema, "kama madumu yenu kule pwani." Darasa zima likageuka kunitazama. Nami nikatabasamu na kukaa vizuri mkekani, nikidhani nimesifiwa.

Wiki ile ile ndipo ilipotokea. Bahari ilikuwa imechafuka siku nyingi, na ilipotulia baba akawahi safari moja tu, akarudi na mapipa machache. Foleni ilikuwa ndefu kuliko nilivyowahi kuiona. Katikati yake lilikuwapo dumu la kijani lililokatika mkono, likafungwa kamba badala yake. Lilikuwa la mjane mmoja msukaji wa mikeka, jirani wa bibi yangu, aliyemzidi baba umri wa kutosha kumbeba mgongoni. Na kwa kweli alimbeba, wakati bibi alipokuwa mgonjwa na baba hajaanza kutembea. Kila mtu kijijini aliijua habari hiyo, na baba akiwamo.

Yule mama alitoka kwenye foleni akaja mpaka aliposimama baba. Akasema, "Shikamoo, nahodha."

Baba akasema, "Marahaba."

"Binti yangu kajifungua alfajiri. Nakuomba leo nitangulie dumu moja tu, apate kuoga na kunywa uji. Hawa wote walio mbele yangu nimeshawaomba, wameridhia. Limebaki lako."

Baba alitazama foleni, akanitazama mimi, akalitazama dumu la kitambaa chekundu. Nyumbani siku hiyo mtungi wetu ulikuwa nusu. Angeweza kusema ndiyo na tusione kiu. Akasema, "Dumu la nyumba yangu halitanguliwi."

Hapo mimi nikaona nimsaidie baba. Hakuna aliyenituma. Nilikwenda kwenye lile dumu la kijani, nikalisukuma kwa mguu, nikalisukuma tena na tena mbele ya macho ya watu mpaka likafika mwisho wa foleni. Nikarudi mahali pangu na fimbo yangu. Baba aliona yote. Hakunikataza. Alicheka kidogo kwa pua, kama mtu anayeona mwanawe ameanza kuijua kazi.

Yule mama akasema, "Hewala." Akaketi mchangani, na kanga yake, na dumu lake. Maji yalikwisha yakiwa yamebaki madumu matatu, na la tatu lilikuwa la kwake. Mchana ule mzazi na mtoto wake walioshwa kwa maji ya kisima, na uji wa mzazi ukapikwa kwa maji hayo hayo.

Habari zilifika nyumbani kabla yetu. Mama hakunipiga. Alinimiminia chai, akaniwekea mbele, na nilipoinua kikombe akasema, "Kunywa mwanangu, maji matamu hayo." Nilijaribu kunywa nikashindwa. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikaimwaga, na huko kuimwaga nako nimekujutia mpaka leo.

Hakuna aliyempindua baba. Watu hupenda kusimulia kuanguka kwa mkubwa kama mnazi uliokatwa, na wa kwetu hakuna aliyeukata. Kwanza walikuja wenye mashua za injini, wakawa wanakwenda na kurudi yeye bado anatweka tanga. Kisha watu wakaanza kununua matangi ya plastiki na kukinga mvua kutoka kwenye mabati. Mwishowe likaja bomba lililopita chini ya bahari kutoka kisiwa kikubwa. Siku maji yalipotoka kwa mara ya kwanza, kijiji kilipiga vigelegele. Baba naye alikwenda. Alikinga kiganja, akaonja, akasema yana ladha ya plastiki. Mashua yake ilibaki juu ya mchanga, na kuku wa mama wakaanza kutagia ndani.

Shikamoo nazo zikapungua. Hazikukatwa kwa chuki. Watu wazima waliacha kumwamkia kama mtu anavyoacha kubeba mwavuli mvua ikikoma. Walimpita na "habari za asubuhi", na baba alijibu "nzuri" kwa sauti ya mtu aliyekanyagwa kidole. Mimi wakati huo nilikwisha olewa, nakaa nyumba ya tatu kutoka kwao, nina watoto wangu na nimeanza kufundisha. Nilimhurumia, na nikamkasirikia kwa kiasi kile kile.

Bomba halikutoa maji mchana kutwa. Yalifunguliwa saa chache asubuhi, kwa mgawo, kwenye kioski chenye koki mbili na kofuli. Kamati ya maji ilimchagua msichana mmoja ashike ufunguo, kwa kuwa anajua kuandika vizuri na hana upendeleo. Alikuwa mjukuu wa yule mjane. Alikuwa ndiye mtoto aliyezaliwa alfajiri ile, aliyeoshwa kwa maji ya chumvi.

Sasa sikia ujinga wetu. Foleni ya madumu ilipohama kutoka pwani kwenda kwenye kioski, ilihama na kila kitu chake. Magoti ya mama yalikuwa yamechoka, kwa hiyo mimi ndiye niliyepeleka dumu la nyumba ya baba, na baba hakutaka kile kitambaa chekundu kifunguliwe. Siku ya kwanza nilipofika, nikakuta watu wameacha nafasi mbele. Mashua imekufa miaka mingi, mapipa yake yamegeuzwa mabanda ya kuku, na bado watu walikuwa wanaacha nafasi ya dumu la nahodha. Na mimi, mwalimu wa dini, ninayefundisha watoto kwamba cheo ni dhamana, nikaliweka. Nikaliweka kesho yake pia. Nililiweka karibu miezi mitatu.

Asubuhi moja yule msichana wa ufunguo akatoka kwenye kibanda chake akasimama mbele ya foleni. "Dumu hili la nani?"

Mtu akajibu, "La nahodha."

"Limefika saa ngapi?"

Nikasema mwenyewe, "Sasa hivi."

Alilinyanyua kwa mikono miwili, akalibeba mpaka mwisho wa foleni, akaliweka chini taratibu. "Samahani, mwalimu," akaniambia, "foleni ni moja." Nilibaki nimesimama pale, uso unawaka. Aliyekuwa anaona aibu si yeye. Kilichoniunguza ni mikono yake miwili. Hakulisukuma kwa mguu.

Nilipomweleza baba, akasema, "Wamelipiza. Kile kizee kimemfundisha mjukuu wake, kimengoja miaka yote hii." Tangu siku ile hakupita tena njia ya kioski.

Mwaka jana kaka yangu aliye Dar es Salaam alimpatia baba nafasi ya kwenda umra. Baba alikuwa na presha, miguu inavimba, na sote tulijua bila kusema kwamba huenda hiyo ndiyo safari yake ya mwisho ndefu. Kwetu mtu akielekea Makka huzunguka nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Mungu husamehe haki yake mwenyewe, lakini haki ya mja inabaki mkononi mwa mja mpaka mwenyewe aiachilie. Mtu hawezi kwenda kuomba msamaha mbali, akaacha jirani yake anamlalamikia hapa. Baba alivaa kanzu, akashika fimbo, akazunguka siku nne. Alikwenda kwa waliomdharau na kwa aliowadharau. Alikwenda hata kwa mtu mmoja aliyewahi kugombana naye kwa ajili ya nanga. Nyumba moja akairuka. Kufika msikitini njia ni fupi ukipita mbele ya mlango wake, na baba miaka hiyo yote alikuwa anazunguka kwa nyuma, kwenye mawe, na miguu ile iliyovimba.

Zilibaki siku tatu avuke. Nikajiambia kwamba baba hatoki Jibondo na haki ya yule mjane shingoni, hata kama nitalala mlangoni. Nilikwenda kwake asubuhi, nikamwamkia, nikaketi.

"Baba, imebaki nyumba moja."

"Zimekwisha."

"Haijakwisha ya msukaji wa mikeka."

Akaniangalia. "Nimeomba radhi msikitini, kwa kipaza sauti, kwa watu wote kwa jumla. Naye yumo katika watu wote."

"Jumla haimfikii mtu mmoja, baba. Ulipomwambia dumu lako halitanguliwi hukumwambia kwa jumla."

Mama alikuwa anachambua mchele pembeni. Mkono wake ukasimama.

"Nimewaletea maji miaka ishirini," baba akasema, na sauti yake ilikuwa imepanda. "Kwa kusi na kaskazi. Nimezama mara mbili. Kama siye tusingekuwapo, yeye na mwanawe na huyo mjukuu wake wangekunywa nini? Leo niende nikapige magoti kwa maji niliyobeba mimi?"

Alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo lililonipa tabu. Baba yangu hakuwa mwizi wala mwonevu wa kila siku. Aliwaokoa watu wale na kiu kwa mikono yake. Nikamwambia, "Ulibeba, baba. Hakuna asiyejua. Lakini hayakuwa yako. Ulipewa zamu ya kuyabeba, basi."

Akainuka akaingia ndani. Mama akaendelea na mchele wake. Baada ya muda akaniambia kwa sauti ya chini, "Na wewe je, mguu wako umeshauombea radhi?"

Nilikuwa sijauombea. Miaka zaidi ya ishirini nilikuwa nikimsubiri baba atangulie, kana kwamba kosa langu ni mkia wa kosa lake na litaondoka nalo. Nilitoka pale moja kwa moja nikaenda.

Nilibisha hodi nikamkuta ameketi sebuleni anasuka, vidole vimepinda lakini vinakwenda. Macho yake yalikuwa na ukungu. Alinijua kwa sauti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Karibu. Wanafunzi wako leo umewatupa wapi?"

Nikamwambia kilichonileta. Nilikuwa nimejiandaa kusema maneno mengi, yakatoka machache, kwamba nililisukuma dumu lake kwa mguu na sikutumwa na mtu. Nililia, na sikujizuia. Alingoja nimalize, kisha akasema, "Wewe ulikuwa mtoto. Mtoto haandikiwi dhambi. La kwako lilikwisha siku ile ile, ulipogeuka kuniangalia nilipokuwa naondoka."

Sikumbuki kwamba niligeuka. Nikashukuru. Nikasema, "Na baba?"

"Baba yako mtu mzima."

"Zimebaki siku tatu avuke, bibi. Presha inamsumbua. Nikupelekee maneno yake mimi, nawe unipe yako nimpelekee."

Aliacha kusuka. "Radhi haibebwi kwenye sinia lililofunikwa kawa, kama futari," akasema. "Aje mwenyewe. Kwangu si mbali, nimembeba mgongoni kutoka hapa mpaka kisimani, hakuwahi kulalamika kwamba ni mbali."

Nilicheka na machozi yangu. Kisha, kwa kuwa nina hasira za karibu, nikamwambia kwamba baba anaamini mjukuu wake alilihamisha dumu kwa kulipiza. Uso wake ukabadilika.

"Mjukuu wangu hajui chochote. Sijamwambia mie, na mama yake hakumwambia. Ningemwambia ili iweje? Ashike ufunguo huku anatafuta shingo ya kulipizia?" Akapapasa ukindu wake, akauacha. "Mie simwogopi baba yako. Zamu yake imekwisha. Namwogopa huyu wangu, aliyeshika ufunguo sasa. Juzi nimesikia mtu mzima, mwenye wajukuu, anamwamkia shikamoo pale kwenye bomba. Nikamuuliza, umeitikiaje? Akanyamaza." Akauokota tena ukindu. "Ndiyo inavyoanza. Hata baba yako ilianza hivyo hivyo, na alikuwa mtoto mwenye haya sana."

Nilirudi kwa baba mbio, kanga mkononi. Nilimkuta amelala chali kitandani, macho wazi. Nikasema nikiwa nimesimama mlangoni, "Hajui."

"Nani?"

"Msichana wa ufunguo. Hajawahi kuambiwa. Alilihamisha dumu kwa sababu foleni ni foleni. Hakuna aliyelipiza kitu, baba. Miaka yote unazunguka mawe kwa kitu ambacho hakuna aliyekuwa anakifanya."

Baba aligeukia ukutani. Nilimwona bega likitikisika, nikaondoka, maana kuna mambo ambayo mtoto hapaswi kuyatazama.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kuchukua dumu kama kawaida. Halikuwapo. Mama akanionyesha kwa kidevu. Baba alikuwa ametangulia, amevaa kanzu yake ya safari, fimbo mkono mmoja na dumu mkono wa pili, anapita njia ya mbele. Nikamfuata kwa nyuma bila kumfikia. Shingoni mwa dumu hapakuwa na kitambaa.

Alipofika kwenye kioski watu waliona, wakaanza kusogeza madumu yao kumwachia nafasi mbele. Akatikisa kichwa. Alikwenda mpaka mwisho, akainama kwa shida, akaliweka. Kisha akaenda kwenye kivuli cha kibanda, mahali yule bibi alipokuwa akija kuketi kila asubuhi na ukindu wake, karibu na mjukuu. Msichana alikuwa kwenye koki, akageuza kichwa.

Baba akaweka fimbo chini. Akasema, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Shikamoo, mama."

Bibi hakuitikia upesi. Maji yalikuwa yanaingia kwenye dumu la mtu, nikasikia yanavyopanda mpaka shingoni, likajaa, likafurika, na msichana hakukumbuka kufunga koki. Nilisimama pale nikiomba kimoyomoyo. Nilijua kwamba ana haki ya kunyamaza, ana haki ya kuinuka na kuondoka, na kwamba hakuna mtu duniani wala malaika angemlaumu.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Umechelewa."

"Nimechelewa. Nilikukosea mbele ya watu. Uliniamkia nikakuitikia, wewe uliyenibeba. Nikakunyima maji ambayo si yangu. Nakuomba radhi mbele ya watu."

Alinyoosha mkono hewani, na baba akaushika akaubusu, akauweka kwenye paji la uso. Bibi akasema, "Nimekuachilia, hapa na mbele ya Mungu. Nenda salama, uniombee na mie huko." Kisha akageuza macho yake ya ukungu kuelekea kwenye koki. "Na wewe, mjukuu wangu, umesikia? Basi usisahau. Funga koki, maji yanamwagika."

Msichana akafunga. Alipoifungua tena kwa dumu lililofuata, alisema, "Shikamoo, mama," kwa mwenye dumu, na kwa kila mwanamke mzima aliyefuata baada ya huyo.

Baba alirudi kukaa mwisho wa foleni, juu ya jiwe. Hakutaka nimshikie nafasi. Siku hiyo maji yalikuwa na nguvu ndogo, yakaanza kukohoa, yakawa uzi, na yakakatika yakiwa yamebaki madumu matatu. La tatu lilikuwa la kwake. Msichana alikuja na ndoo yake mwenyewe, akataka kummiminia. Watu wakamsihi baba akubali. Baba akasema, "Hewala, mwanangu, nitakuja kesho zamu yangu ikifika." Akanyanyua dumu tupu, akaenda nalo nyumbani polepole, akipita njia ya mbele.

Mama akauliza maji yako wapi. Baba akamwambia ateke ya kisimani, apike chai. Mama alimtazama, akanitazama mimi, akafanya alivyoambiwa. Chai ilikuja katika vikombe viwili. Baba alikunywa kimya, kwa mkupuo mrefu, kisha mwingine, mpaka nikaona majani ya chai kitakoni mwa kikombe chake. Nami nikainua cha kwangu, chumvi ikanichoma ulimi, nikakimaliza.